Kompyuta mbili nyumba moja, folda haifunguki (0x80070035): msaada wakuu

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Sebuleni nina kompyuta ya mezani, Windows 10, yenye diski ya terabaiti 2. Humo ndimo zilimo picha zote za familia tangu watoto wakiwa wachanga, pamoja na kazi za mke wangu, ambaye anapiga picha za harusi na sendofu. Chumbani tuna laptopu mpya ya Windows 11, ndiyo anayohariria. Ninachotaka ni kitu kimoja: afungue folda ya sebuleni akiwa chumbani, bila kubeba flashi na bila kupandisha kitu Google Drive. Kupandisha na kushusha picha za harusi moja kunamaliza bando lote, ilhali kompyuta zenyewe zimetenganishwa na ukuta tu.

Nimeshea folda inaitwa Picha. Nikiandika \\SEBULENI\Picha kwenye laptopu, inazunguka muda mrefu kisha inasema haiwezi kufika, na namba 0x80070035. Zote mbili zinapata intaneti vizuri.

Fundi mmoja wa mtaani kaniambia dawa ni kuzima fayawoli (ule ulinzi wa Windows unaozuia wanaoingia kwa mtandao) pande zote mbili na kuwasha SMB1. Nimesita kwa sababu waifai hii tunachangia na wapangaji wawili wa uani. Wenye ujuzi naomba mnielekeze.

Mdau wa Mwanza

Mkuu, fanya kama alivyokwambia fundi. Mimi niliwasha SMB1, nikazima fayawoli, ikakubali hapo hapo. Sioni sababu ya kuzunguka.

Fundi Mitandao

Mleta uzi, umefanya vizuri kusita. Na wewe mdau wa Mwanza naomba nikujibu kwa heshima, maana ushauri huu nimeuona ukirudiwa kila mahali na unawaumiza watu.

SMB ndiyo itifaki ambayo Windows hutumia kushea mafaili. Ilianzia IBM miaka ya 1980, na toleo lake la kwanza liliandikwa kwa ajili ya ofisi ndogo ambazo kila aliyechomeka waya alikuwa mtu wa ndani. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea dunia nzima kwa kupitia tundu la SMB1. Vilikuwa vinafunga mafaili ya watu na kudai malipo, na hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Microsoft walikuwa wametoa kiraka mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla, lakini mashine nyingi hazikuwa zimekiweka. Kuanzia Windows 10 toleo 1709, lililotoka mwishoni mwa 2017, SMB1 haiwekwi tena kama kawaida. Ukiiwasha leo unarudisha ndani kitu kilichotolewa kwa sababu ya msingi kabisa.

Halafu kwa tatizo lako haisaidii hata kidogo. Windows 10 na Windows 11 zote mbili zinazungumza SMB 3.1.1. Hazihitaji SMB1 ili kuelewana. Mdau wa Mwanza, ninavyoona mimi, kilichokufungulia njia ni kuzima fayawoli, si SMB1. Na hata fayawoli haikuwa na haja ya kuzimwa, nitaeleza huko mbele.

Sasa tuje kwenye kazi. Ile namba 0x80070035 isikupe hofu, wala usiitafutie dawa yake peke yake. Maana yake ni kwamba njia haikupatikana, basi. Inaweza kuletwa na rauta, fayawoli, jina lisilotambulika, au kompyuta iliyolala. Ukiitafuta mtandaoni utaletewa dawa ishirini, na ukizijaribu zote utaharibu mambo matatu yaliyokuwa mazima.

Fikiria mgeni anayekuja kwako. Kwanza lazima pawe na njia ya kufika. Pili aijue nyumba ni ipi. Tatu ajitambulishe mlangoni. Nne aambiwe chumba gani anaruhusiwa kuingia. Kushea mafaili kuna hatua hizo hizo nne na kwa mpangilio huo huo: kufikiana, kuonana, kutambuana, kuruhusiana. Hatua ya tatu haitengenezeki kama ya kwanza haijakaa sawa. Kwa hiyo tusiguse paswedi wala ruhusa za folda kwa sasa.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kwenye kompyuta zote mbili, andika

ipconfig

kisha tuletee namba mbili kutoka kila moja: IPv4 Address na Default Gateway. Hizo ni anwani za ndani ya nyumba, kuziweka hapa hakuna madhara. Tuambie pia kila kompyuta inapata intaneti kwa njia gani, waya au waifai, na ni waifai ipi.

Mleta uzi

Shukrani sana mkuu kwa maelezo. Majibu haya:

Sebuleni: 192.168.1.15, geti 192.168.1.1. Iko kwa waya kwenye rauta ya faiba.

Laptopu: 192.168.8.23, geti 192.168.8.1. Iko kwa waifai. Chumbani mawimbi ya rauta kubwa hayafiki vizuri, kwa hiyo kuna rauta ndogo ya zamani tuliyokuwa tunatumia na laini. Nimevuta waya kutoka rauta kubwa nikauchomeka kwenye hii ndogo.

Fundi Mitandao

Hapo ndipo tatizo lilipo. Angalia fungu la tatu la hizo namba: moja ina 1, nyingine ina 8. Una mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Rauta ndogo imejifanya mkuu wa mtandao wake, inagawa anwani zake yenyewe, na laptopu imejificha nyuma yake. Intaneti inapita kwa sababu rauta ndogo inapokea kutoka kubwa na kupeleka mbele, ndiyo maana watu wengi hawashtuki. Wanasema "intaneti ipo, basi mtandao ni mzima". Intaneti kuwepo hakuthibitishi kwamba kompyuta mbili zinafikiana.

Jambo la kuvutia, na ndilo linalowachanganya watu, ni kwamba njia hii iko wazi upande mmoja. Ukitoka laptopu kwenda sebuleni kwa namba, yaani \\192.168.1.15, inawezekana kabisa ukafika, maana laptopu inatoka nje kupitia rauta ndogo na kutokea kwenye mtandao wa kubwa. Kwa jina la SEBULENI hutafika, kwa sababu wito wa kutafuta majina hauvuki rauta. Na kutoka sebuleni kwenda laptopu hakuna njia kabisa. Mtu anajaribu upande mmoja inakubali, upande wa pili inakataa, anaamini Windows imeharibika.

Usikae na mpangilio huo. Ifanye rauta ndogo iwe kituo cha kusambaza waifai tu, isigawe anwani. Kama kwenye setingi zake kuna sehemu ya kuchagua hali ya AP, chagua hiyo, inamaliza kila kitu yenyewe. Kama haina, fanya kwa mkono, na fuata mpangilio huu usije ukajifungia nje:

Laptopu ikiwa bado imeunganishwa na rauta ndogo, fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari. Badilisha anwani ya rauta yenyewe iwe kwenye familia ya rauta kubwa, mfano 192.168.1.2. Hakikisha kwanza kwamba rauta kubwa haigawi namba hiyo kwa vifaa vingine. Kwenye setingi zake za DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, utaona inagawa kuanzia ngapi hadi ngapi. Kisha ingia tena kwenye ndogo kwa anwani hiyo mpya na uzime DHCP yake. Mwisho kabisa chomoa ule waya kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti), ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na mengine, uchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani). Zima na kuwasha laptopu.

Ukimaliza, ipconfig ya laptopu inatakiwa ikupe 192.168.1 kitu fulani na geti 192.168.1.1. Ikikupa namba inayoanza na 169.254, maana yake hakuna aliyeigawia anwani, imejipa yenyewe. Rudi ukague waya.

Kabla hujarudi hapa, kagua jambo moja zaidi. Windows ikiona geti limebadilika huchukulia kwamba huu ni mtandao mgeni, na mtandao mgeni huuweka kwenye kundi la Public, yaani kama vile uko hotelini au stendi. Kwenye kundi hilo fayawoli inaziba milango ya kushea. Nenda Settings, Network & internet, gusa jina la waifai yako, chagua Private. Fanya hivyo kwenye kompyuta ya sebuleni pia. Kisha kwenye setingi za juu za kushea washa Network discovery na File and printer sharing kwa upande wa Private peke yake.

Mdau wa Mwanza, jibu langu kuhusu fayawoli ndilo hili. Kubadilisha kundi kutoka Public kwenda Private kunafungua milango ile inayohitajika kwa mafaili, kwa vifaa vya mtandao wako, na mingine inabaki imefungwa. Kuzima fayawoli kunafungua yote, na mtu akisahau kuiwasha, siku anapeleka laptopu hiyo kwenye waifai ya hotelini inakuwa wazi kwa kila mtu.

Mdau wa Mwanza

Nimekuelewa fundi. Nimeangalia ya kwangu, kweli ilikuwa Public. Nimeweka Private, nimewasha fayawoli, nimetoa SMB1, na folda bado inafunguka. Asante kwa elimu.

Mama wa Nyali

Jamani nami nina tatizo kama hilo, naona niulize hapa hapa. Mimi sina kompyuta ya pili, nina diski ya nje nimeichomeka kwenye rauta kwa USB, ndiyo tunayowekea mafaili ya shule. Ilikuwa inafunguka bila kuulizwa paswedi. Laptopu ilipopata apdeti kubwa ya Windows 11 ikakataa, inasema sera za usalama za shirika zinazuia wageni wasiojitambulisha. Mimi sina shirika lolote, ni laptopu yangu ya nyumbani. Mwanangu ana Mac, yake inafungua.

Fundi Mitandao

Dada, pole kwa usumbufu. Maneno "sera za shirika" yanatisha watu wengi bure. Ni ujumbe ule ule unaoonyeshwa kwa kila mtu, wa ofisini na wa nyumbani.

Kilichotokea ni hiki. Diski yako ilikuwa inampokea yeyote kama mgeni, bila jina wala paswedi. Kuanzia Windows 11 toleo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, Windows ya daraja la Pro inadai mambo mawili: mazungumzo yote ya SMB yatiwe saini ya kidijitali, na mgeni asiye na paswedi asipokelewe. Yanakwenda pamoja, kwa sababu saini hiyo hutengenezwa kutokana na paswedi. Mgeni hana paswedi, hivyo hawezi kusaini. Mac ina masharti yake tofauti, ndiyo maana ya mwanao inapita.

Utaona mtandaoni watu wanaelekeza jinsi ya kuilazimisha Windows ikubali wageni tena. Dada, usifuate. Ingia kwenye setingi za rauta, sehemu ya diski ya USB, tengeneza jina la mtumiaji na paswedi, kisha uzime kuingia bila paswedi. Kama kuna sehemu ya kuchagua toleo la SMB, chagua 2 au 3. Kisha kwenye laptopu fungua kwa namba ya rauta, uweke jina na paswedi hiyo mara moja, uikumbushe isiulize tena.

Ukikuta rauta inajua SMB1 tu, basi hiyo rauta isikushikie mafaili. Chomeka diski kwenye laptopu moja na ushee kutoka hapo, au ibaki ya kuchomekwa kwa mkono. Ni usumbufu, lakini mafaili ya watoto yana thamani kuliko usumbufu huo.

Na mwanao akitaka yeye ndiye ashee kutoka Mac: kwenye sehemu ya File Sharing kuna orodha ya akaunti, lazima aweke alama kwenye akaunti yake na kuandika paswedi pale, la sivyo Windows itagonga mlango bila kujibiwa. Yeye kufungua folda za Windows, akiwa kwenye Finder abonyeze Command na K, aandike smb:// kisha namba ya IP.

Mama wa Nyali

Nimefanya la paswedi, imefunguka. Mungu akubariki.

Mleta uzi

Mkuu nimerudi. Rauta ndogo haina hali ya AP, nimefanya kwa mkono kama ulivyoelekeza. Laptopu sasa ni 192.168.1.40. Na kweli Windows ilikuwa imeweka Public, nimebadilisha pande zote.

Sasa nikiandika \\192.168.1.15 inaniomba jina na paswedi. Naweka PIN ninayofungulia kompyuta ya sebuleni kila siku, inakataa. Nimejaribu bila kuandika chochote, inakataa pia.

Fundi Mitandao

Kuombwa paswedi ni habari njema mkuu. Maana yake kufikiana na kuonana vimekwisha, tuko hatua ya tatu. Kama kuna msomaji mwingine anataka uhakika wa hatua mbili za kwanza bila kubahatisha, afungue PowerShell kwenye laptopu na kuandika

Test-NetConnection 192.168.1.15 -Port 445

Ikijibu TcpTestSucceeded: True, mlango wa SMB uko wazi, kinachobaki ni utambulisho na ruhusa. Napenda kipimo hiki kuliko ping, ile amri ya kupima kama mashine inajibu, kwa sababu fayawoli inaweza kuzuia ping huku mlango wa mafaili uko wazi, na mashine inaweza kujibu ping huku mlango 445 umefungwa.

Sasa PIN. PIN ya Windows imefungwa kwenye kifaa kile kile ulichoiweka. Haitoki nje ya mashine, haitumiki kuingia kutoka kompyuta nyingine, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukiwa unatumia akaunti ya Microsoft, mtandaoni unatakiwa uweke barua pepe yako na paswedi halisi ya akaunti ile, ambayo wengi wetu tumeisahau kwa sababu kila siku tunabonyeza PIN. Na akaunti isiyo na paswedi kabisa, Windows inaikatalia kuingia kwa mtandao. Inaruhusiwa tu kwa aliyekaa mbele ya mashine. Ndiyo maana kuacha patupu kulikataa.

Usihangaike kukumbuka paswedi ya Microsoft, na usiisambaze kwenye mashine nyingine, maana hiyo inafungua barua pepe yako na kila kitu. Tengeneza akaunti ndogo ya ndani, ya kushea tu. Kwenye kompyuta ya sebuleni fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika

net user familia * /add

Itakuomba paswedi, weka ndefu. Hutaona herufi ukiandika, ni kawaida.

Hatua ya nne tuiweke papo hapo. Folda iliyosheawa ina tabaka mbili za ruhusa, na hapa ndipo watu hukwama wiki nzima. Kuna ruhusa za kushea, zinazomhusu anayekuja kwa mtandao, na kuna ruhusa za diski yenyewe, zinazomhusu kila mtu. Anayekuja kwa mtandao anapita tabaka zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayomwongoza. Ukimpa mtu uwezo wote kwenye kushea, lakini tabaka la diski halimtambui, ataambiwa hana ruhusa. Ukimpa yote kwenye diski, lakini kushea kumewekwa kusoma tu, atasoma tu.

Bonyeza kulia kwenye folda ya Picha, ingia Properties. Kwenye kichupo cha Sharing, ndani ya Advanced Sharing, fungua Permissions: toa Everyone, ongeza familia, mpe Change. Kisha kichupo cha Security, ongeza familia, mpe Modify. Kutoa Everyone ni muhimu kwako kuliko kwa mtu mwingine. Una wapangaji kwenye waifai hiyo hiyo. Simu zao na laptopu zao ziko ndani ya mtandao wako, na kundi la Private linawahesabu kama watu wa nyumbani.

Kwenye laptopu, sehemu ya jina andika SEBULENI\familia, siyo familia peke yake, ili ieleweke unamtaja mtumiaji wa mashine ipi. Ukikataliwa huku una uhakika na paswedi, inawezekana Windows imeng'ang'ania majaribio ya zamani. Andika

net use * /delete

ikubalie, kisha fungua Credential Manager ufute chochote kinachotaja SEBULENI au 192.168.1.15, halafu jaribu upya. Windows haikubali kuingia kwenye mashine moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

Mdau wa Nairobi

Fundi, mimi niko na Linux kwa mashine ya kushea, nimeweka Samba, ile programu ya kushea mafaili kwa SMB. Windows inaona folda lakini paswedi yangu ya kuingia Linux inakataliwa. Ni kitu sawa na hiyo ya PIN?

Fundi Mitandao

Karibu sawa kaka. Samba ina hifadhi yake ya paswedi, haisomi ile ya kuingilia Linux. Endesha sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lako, uweke paswedi ya Samba. Kama ufw, yaani fayawoli ya Linux, imewashwa, andika sudo ufw allow samba. Na testparm itakuonyesha kama kuna kosa kwenye faili la setingi. Kumbuka zile tabaka mbili ziko hata kwako: unachoandika kwenye smb.conf, na umiliki wa folda yenyewe kwenye diski.

Mdau wa Nairobi

Imekubali, shukran sana.

Mleta uzi

Imefunguka! Mke wangu ameingia kwenye Picha, amefungua kazi ya wiki iliyopita, amehifadhi bila kukataliwa. Tumefurahi sana.

Naomba nimalizie na mawili. Kwanza, kwenye kile kipengele cha Network kompyuta ya sebuleni haionekani, inafunguka nikiandika namba tu. Pili, alileta laptopu sebuleni akaichomeka kwa waya kwenye rauta kubwa ili ahamishe kazi ya gigabaiti 60 kwa haraka. Inakwenda megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi hata kidogo. Nilitegemea waya uwe na kasi zaidi.

Fundi Mitandao

Hongera mkuu.

La kwanza ni dogo. Ile orodha ya Network inategemea huduma mbili zinazojitangaza na kutafuta: Function Discovery Provider Host na Function Discovery Resource Publication. Fungua services.msc kwenye kompyuta ya sebuleni, ziwashe, na ile ya pili uiweke Automatic. Lakini kwa kweli mimi siitegemei orodha hiyo. Inachelewa, inaficha mashine iliyo hai na kuonyesha iliyozimwa. Ingia kwenye rauta kubwa, uihifadhie kompyuta ya sebuleni namba yake isibadilike, kisha kwenye laptopu ifanye folda kuwa diski:

net use Z: \\192.168.1.15\Picha /persistent:yes

Mkeo akifungua kompyuta anaona Z, anaendelea na kazi. Na kwenye setingi za umeme za kompyuta ya sebuleni, izuie isilale yenyewe saa anazofanya kazi. Kompyuta iliyolala inaleta ile ile 0x80070035 na watu wanaanza kubomoa upya kila kitu.

La pili, namba 11 inasema mengi. Hiyo ni alama ya waya unaokwenda megabiti 100 kwa sekunde: gawanya kwa 8, toa kidogo cha gharama za njiani, unapata 11 hadi 12. Waya wa gigabiti ungekupa karibu 110. Gigabaiti 60 kwa 11 ni kama saa moja na nusu. Kwa 110 ni dakika kumi hivi.

Kagua kwenye kila kompyuta, kwenye hali ya muunganisho wa Ethernet, imeandikwa kasi gani. Itakayosema 100 Mbps ndiyo yenye tatizo. Sababu ya kawaida kabisa ni waya. Megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne tu kati ya nane zilizomo, gigabiti inahitaji zote nane. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, mashine hazilalamiki. Zinashuka kimya kimya hadi 100. Angalia vile vichwa vya plastiki kwa tochi, utaona kama nyuzi zote nane zimefika mwisho. Ikiwa waya ni mzima, angalia rauta: za bei nafuu nyingi zina matundu ya megabiti 100 na hapo hakuna ujanja ila kununua swichi ndogo ya gigabiti na kuchomeka kompyuta zote mbili humo.

Kwa kuhamisha folda kubwa, usiburute kwa kipanya. Tumia

robocopy \\192.168.1.15\Picha\Harusi E:\Harusi /E /Z

Umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati, ukirudia amri hiyo inaruka yaliyokwisha na kuendelea. Ila usije ukaongeza /MIR kwa kuiga mtandaoni. Hiyo inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, pamoja na kufuta yale yaliyoko upande wa pili peke yake. Nimeona watu wakipoteza picha za miaka kwa herufi hizo tatu.

Mleta uzi

Kompyuta ya sebuleni ndiyo iliyosema 100 Mbps. Nimetazama kichwa cha waya kwa tochi, kweli nyuzi mbili hazijafika mwisho. Nimenunua waya uliotengenezwa kiwandani, sasa inasoma 1.0 Gbps, na kazi ya harusi imehama kwa megabaiti mia na kidogo. Z nayo ipo.

Kilichobaki ni wapangaji. Rauta kubwa ina waifai ya wageni, nataka niwahamishie huko Jumamosi. Kuna cha kuangalia?

Fundi Mitandao

Uamuzi mzuri sana. Washa waifai ya wageni kwa jina na paswedi tofauti, na hakikisha ile alama ya kuwaruhusu wageni kuufikia mtandao wa ndani haijawekwa. Kisha ubadilishe paswedi ya waifai kuu, la sivyo simu zao zitaendelea kuingia kule kule zilikozoea. Na ile rauta ndogo ya chumbani inatangaza waifai yake yenyewe, kwa hiyo paswedi yake nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo. Yeyote wa nyumbani akijikuta kwenye ile ya wageni, Z haitafunguka kwake. Arudi kwenye kuu.

Mleta uzi

Sawa mkuu, hilo la rauta ndogo sikuwa nimeliwaza. Nitafanya zote mbili Jumamosi asubuhi kabla hawajaamka.